Eda ya Handakini

Shangazi Rehema alifariki mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha, kitandani mwake Ngamiani, redio ikiendelea kusoma habari. Niliyemkuta ni mimi, nimemletea uji. Waliokuja matangani walimsifu kwa jambo moja, kwamba alikuwa mtu wa haya. Kila mwanamke aliyeingia alilisema, tena kwa sauti ya kupongeza, nami nimekaa jamvini pamoja nao, nachagua mchele, nimekunja uso mpaka mmoja akaniuliza kama tumbo linaniuma. Haya ya shangazi yangu mimi niliiona ikifanya kazi. Nilikaa nayo nyumba moja mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini, na kama kuna kitu kilichonigeuza kuwa huyu ambaye Ngamiani nzima wanamwita Bi Mdomo, ni mwaka ule. Nikitaka kitu nasema. Nikikataa nasema. Marehemu mume wangu alizoea kuwaambia watu kwamba siku ya posa yake mimi ndiye niliyemjibu, kutoka chumbani, kabla baba yangu hajafungua kinywa. Watu hucheka wakisikia hivyo. Mimi sikuwa nachekesha.

Nilipelekwa Handakini kutoka kwetu Ngamiani kwa sababu Mzee Salimu, mume wa shangazi, alikuwa amekufa, na mjane hakai eda peke yake. Miezi minne na siku kumi asitoke, asitie manukato wala hina, asionekane na mwanamume anayeweza kumuoa. Lazima awepo mtu wa kumfungulia mlango, wa kumtekea maji, wa kupokea salamu za watu na kurudisha za kwake. Shangazi hakujaaliwa mtoto. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi wala mchumba, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Nilishushwa kwenye barabara ya Pangani na begi langu, nikafuata njia ya mchanga katikati ya minazi, na pale njia inapoinama ndipo nilipoiona ile nyumba, imezungukwa na maji.

Ilikuwa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuukuu sana. Nusu yake ilikwisha kuanguka zamani, zimebaki kuta tupu na mizizi ya mtini imezishikilia. Nusu nyingine ndiyo iliyokaliwa. Pande tatu palikuwa na handaki, pana kiasi kwamba mtu hawezi kuliruka, analivuka kwa daraja la magogo mbele ya mlango, na upande wa nne, nyuma, bwawa. Nani aliyelichimba hakuna aliyejua. Wapo waliosema ni tajiri wa zama hizo aliyeogopa wavamizi. Wengine walisema hakuogopa mtu, aliogopa nguruwe wasimalize mihogo yake. Jirani mmoja aliniambia huku akicheka kwamba matajiri wa zamani walichimba mahandaki ili wapita njia wajue kwamba humo ndani mna mwenye watu wa kuchimbisha, na nadhani huyo ndiye aliyesema kweli. Hao waliochimbishwa hawakutajwa na yeyote. Maji yaliingia kutoka kwenye mikoko kwa mfereji wenye lango la mbao. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, lango lilinyanyuliwa, maji mapya yakaingia na vifaranga vya samaki vyembamba kama sindano. Kisha lango likashushwa, navyo vikabaki kukulia humo, kwanza handakini, halafu bwawani. Wengi walikuwa mwatiko, yule samaki mweupe mwenye miiba mingi ambaye ukimla kwa haraka utajuta. Samaki wa Handakini hawakuuzwa. Penye msiba au maulidi kijijini, wenye shughuli walikuja kuomba, wakavuliwa, wakaondoka na vikapu vyao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Salimu na kwa waliomtangulia, na ndivyo alivyozikwa yeye mwenyewe: watu waliomzika walikula samaki wake.

Mwenye kuyatunza maji yale alikuwa Athumani, mtu wa Pemba. Alikuja kijana kufanya kazi kwa Mzee Salimu, akabaki. Mwaka ule alikuwa mtu mzima wa makamo, mjane kama shangazi, mkewe alimzika kwao kabla hajavuka kuja bara. Alilala kwenye kibanda kando ya lango na alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. Akikutana na mimi njiani aliingia majanini ili nipite. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia akitazama vidole vya miguu yake, kisha akauliza hali ya kila mtu nyumbani, mmoja mmoja, mpaka ya paka. Neno lolote ulilokuwa umemletea lilikuwa limeshapoa kabla salamu hazijaisha.

Chumba cha eda kilikuwa cha ndani kabisa, chenye kitanda kirefu cha kamba, sanduku moja, na dirisha la nondo za mbao lililotazama baraza ya nyuma na bwawa. Shangazi alikaa chini ya dirisha hilo, amejitanda khanga nyeupe, pazia limeteremshwa. Asubuhi tulikula mbaazi za nazi na maandazi, mchana ugali wa muhogo, ambao kwetu tunauita bada, na mchuzi. Alikuwa amenyooka mgongo na ana ulimi mtamu tukiwa wawili. Alinichekesha kwa kuwaiga watu waliokuja kumpa pole, namna kila mmoja anavyovuta kamasi. Akiingia mtu alinyamaza. Siku nyingine nilijilaza humo chumbani pamoja naye, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba nyumba ya mawe, unene wote ule wa kuta, haifichi kitu. Wanaume walikaa barazani wakiongea, na sauti zao zilipita juu, kwenye pengo la boriti, zikatushukia sisi wawili kana kwamba tumekaa nao mkeka mmoja.

Ndivyo tulivyolisikia shauri. Mwenye kulisema alikuwa Mzee Hamisi, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye tangu msiba alikuja kila alasiri akitoka msikitini. Sitaki msomaji amwone mtu mbaya. Alikuwa mtu mzito, mwenye kanzu safi na kikohozi, na aliamini kila alilolisema. Alisema warithi wengine wanataka handaki lifukiwe na ardhi igawanywe viwanja. Alisema yeye angependa nyumba ya ndugu yake ibaki ilivyo, lakini mwanamke hawezi kukaa peke yake katikati ya maji, na nyumba isiyo na mwanamume warithi hawataiheshimu. "Akiwa na mume humu ndani, nitawaambia wasubiri, na watanisikiliza," alisema. "Asipokuwa naye, mie siwezi kuwazuia." Mtu mmoja akamuuliza mume huyo atatoka wapi. Mzee Hamisi akakohoa, akasema mwanamke aliye edani haposwi kwa kauli, anaashiriwa tu, na kwamba mke wa ndugu si vizuri akaangukia mikononi mwa watu wasiojulikana. Yeye alikuwa na mke mmoja, na alikuwa na uwezo wa wa pili. Shangazi alikuwa ananisuka nywele. Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu, kisha vikaendelea, na ule msuko niliuvaa kwa maumivu wiki nzima kwa namna alivyoukaza.

Athumani naye alikuwapo barazani siku ile. Kuanzia hapo alianza kuleta samaki.

Kwanza sikulitilia maanani, maana bwawa ni la nyumba na samaki ni wa nyumba. Kila Ijumaa asubuhi alimvua mwatiko mmoja, akamsafisha mwenyewe, akamlaza kwenye sahani ya maua ya bluu, akafunika kwa jani la mgomba na kuiweka kizingitini. Alibisha hodi mara moja tu, akaondoka kabla sijafika mlangoni. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Shangazi alinituma nimpelekee wali, au vitumbua, au mchuzi wa samaki yule yule, na alikuwa ananielekeza kutoka chumbani chumvi kiasi gani na nazi ikunwe vipi, tangu lini mwanamke wa eda akashughulika hivyo na mapishi. Akaanza kuuliza, kama mtu asiyejali, alikula? Alisema nini? Nikamjibu kwamba amesema alhamdulillahi. "Basi?" Basi. Akageuza uso ukutani, na mimi niliyaona mashavu yake. Nilikuwa na miaka ishirini lakini sikuwa kipofu. Athumani alikuwa anaashiria, kwa njia pekee aliyoruhusiwa, na shangazi yangu alikuwa anafurahi. Niliona raha. Nilijua kama jambo hili litafika mwisho wake mume wa nyumba atakuwa huyu, maji yatabaki, samaki watabaki, na yule mwanamke aliyenichekesha kwa kuiga kamasi za watu atakuwa na mtu wa kuchekesha mwingine.

Kuna jambo inabidi nilieleze hapa, kwa ajili ya vijana ambao siku hizi wananunua samaki wa vipande. Katika nyumba zetu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba. Mtoto hakigusi, mgeni wa kawaida hapewi. Mzee Salimu alikula kichwa cha kila mwatiko aliyetoka bwawani kwake, na tangu azikwe vichwa vile shangazi alikuwa anavitenga kando na mwisho tunampa paka. Sasa Ijumaa moja, eda ikiwa imeshapita nusu yake, Athumani aliweka kizingitini samaki mkubwa kuliko wote waliotangulia. Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. Akainuka, akafunga khanga kiunoni, akaenda jikoni mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikikata kichwa. Akakipika peke yake, kwa tui zito na ukwaju na pilipili mbichi, akikigeuza polepole ili macho yasitoke. Mwili wa samaki aliniachia mimi nikaange nipendavyo. Alipomaliza alikiweka katikati ya sahani ya maua ya bluu, kizima, akapangusa kingo kwa ncha ya khanga yake.

"Mpelekee Athumani," aliniambia.

"Nimwambie nini, shangazi?"

"Usimwambie kitu. Kula atakula mwenyewe."

Nilimkuta Athumani barazani anafuma wavu. Niliiweka sahani mbele yake pamoja na kipande cha bada na bakuli la kunawia. Alifunua, akatazama. Nakumbuka alinawa mikono, akaikausha, kisha akanawa tena. Nilirudi ndani mbio, nikamkuta shangazi amesimama dirishani, amelisogeza pazia upana wa vidole viwili. Nikasimama nyuma yake. Tulimwona Athumani ametulia mbele ya ile sahani, hajaigusa, midomo inacheza, nadhani anasema bismillahi na mengine. Na katika kutulia huko Mzee Hamisi akatokea kwenye kona ya nyumba, anatoka kusali, kanzu yake imenyooka.

Mtu aliyezaliwa pwani anajua kilichofuata. Huwezi kuwa na chakula mbele yako, akaja mtu, usiseme karibu. Na huyu hakuwa mtu tu, alikuwa mzee, alikuwa kaka wa marehemu, na alikuwa amesimama kwenye baraza ya ndugu yake. Athumani akanyanyuka, akasema, "Karibu, mzee." Wengi huitikia "starehe" na kupita zao. Mzee Hamisi alikuwa na njaa. Akavua viatu, akakaa, akanawa. Athumani akaishika ile sahani kwa mikono miwili, akaizungusha, ili kichwa kielekee upande wa mzee. Alikuwa anatabasamu. Mzee Hamisi alikivunja kichwa kile kwa vidole vyake vinene, akafyonza macho, akafyonza mifupa, na kikohozi chote kikakoma. "Huyu binti wa Ngamiani anajua kupika," tulimsikia akisema. Athumani alichovya bada kwenye mchuzi uliobaki pembeni.

Shangazi aliliachia pazia.

"Mzee amekaa," nilimwambia. "Angefanyaje?"

"Mwanamume anayetaka kitu hakitoi."

"Shangazi, ni adabu tu. Hata wewe ungempa."

"Mimi nisingempa," alisema, na alisema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Alirudi kukaa chini ya dirisha. "Amenipisha. Umemwona alivyokuwa anacheka? Amenikabidhi kwa mikono miwili."

Nikamwambia nitakwenda kumuuliza. Akanishika mkono. Alisema nikimuuliza itakuwa yeye, mjane, amemposa mwanamume akiwa bado edani, na habari hiyo itafika Muheza kabla ya magharibi. "Nimeshasema yangu," alisema. "Nimeyapika. Mtu hasemi mara mbili."

Nikaenda hata hivyo, kesho yake, bila ruhusa. Athumani alikuwa mferejini na vijana wa kijiji, wanazoa matope, maji yamewafika mapajani. Nikasimama juu ya ukingo. Akatoka majini, akashusha suruali iliyokunjwa, akaanza salamu zake. Vijana wote wameacha makoleo wananitazama. Nilitafuta neno ambalo msichana anaweza kumwambia mwanamume mbele za watu kuhusu mjane wa eda, na lugha yetu, yenye maneno mengi hivi, haikuwa nalo. Nikasema, "Shangazi anakusalimu sana." Nikalikaza lile "sana" kadiri nilivyoweza. Akajibu, "Alhamdulillahi. Na mie namsalimu," akatazama vidole vyake vya miguu. Vijana wakachukua makoleo.

Ijumaa iliyofuata mwatiko aliletwa kama kawaida. Shangazi hakumtazama. Aliosha sahani, akaweka humo mchele mkavu, viganja viwili, akanipa niirudishe. Sahani haikurudi tupu, hakuna ambaye angesema amekosea. Lakini mchele mkavu anapewa mtu wa mbali, mtu ambaye hutaki kumpikia, na Athumani naye alizaliwa pwani. Alipofunua nilimwona anaupitisha mchele ule vidoleni, kama anatafuta kitu ndani yake. Mwatiko wa mwisho aliletwa Ijumaa hiyo.

Siku zikaenda. Mzee Hamisi, ambaye hakuwa anajua lolote, alizidi kupata moyo. Tulimsikia barazani akimwambia Athumani kwamba eda ikiisha, inshallah, atamsitiri mke wa ndugu yake, na kwamba yeye Athumani asiwe na wasiwasi, kazi yake ya maji ipo pale pale. Kisha tukaisikia sauti ya Athumani, tulivu kabisa: "Kheri, mzee. Mungu ajaalie." Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho. "Umesikia?" aliniambia. Nilisikia. Leo, nikiwa mtu mzima niliyezika mume, ninapoyarudia maneno yale nasikia kitu kingine kabisa ndani yake, nasikia mtu aliyekatwa. Lakini ukuta ulikuwa katikati, na kupitia pengo la boriti maneno yalitufikia bila uso.

Alipotoka eda wanawake walikuja kumwogesha. Walimpaka liwa, wakamfukiza udi, wakamvisha doti mpya ya khanga, wakamtoa nje kwa mlango wa nyuma. Aliyafumba macho kwa sababu ya jua. Kisha akatazama bwawa, akatazama lango, na kibanda. Maji yalikuwa yameshuka na kijani kimeanza kutanda juu.

"Nani anafungua maji siku hizi?" aliuliza, kwa wote, kama vile hajali nani atajibu.

Jirani mmoja akamwambia Athumani ameshakwenda kwao Pemba, wiki iliyopita, ameaga kila nyumba isipokuwa hii, maana hii ina mtu wa eda. Shangazi akasema, "Aa." Akaomba maji ya kunywa.

Mzee Hamisi aliposa baada ya siku chache, kwa heshima zote. Shangazi alimkatalia kwa heshima hizo hizo, kwa maneno mazuri mno hata yule mzee aliondoka akidhani ameombwa asubiri. Wiki nzima ikapita kabla hajaelewa. Hakukasirika; alisikitika, akawaambia warithi wenzake kwamba ameshindwa. Sisi tulibaki mpaka mwaka ukamalizika, wawili ndani ya nyumba ile, tukisikiliza maji yakifa. Hakuna aliyejua kulishusha lango kama Athumani. Bamvua moja kubwa, mvua ikinyesha, lango lilichukuliwa na mkondo, na maji yalipokupwa samaki karibu wote walikwenda nayo baharini. Wachache waliokwama topeni walioza na harufu yao ikaingia mpaka kwenye nguo zetu. Hapo hakukuwa na la kuwaambia warithi. Walibomoa kuta za ile nusu iliyoanguka, mawe wakayatupa handakini, wakafukia. Shangazi alipewa fungu lake, akafungasha sanduku, tukaja kukaa Ngamiani, naye akawa mtu wa haya kwa maisha yake yote yaliyobaki. Wachumba walikuja. Alikuwa anawapikia vizuri na kuwaaga vizuri.

Nilikwenda Handakini baada ya kumzika, sijui kutafuta nini. Viwanja viligawanywa lakini hakuna aliyejenga kitu cha maana. Kuna msingi wa nyumba ya wageni uliotelekezwa, na mbuzi. Nyumba haipo. Lakini masika yalikuwa ndiyo kwanza yameisha, na maji yalikuwa yamesimama kwenye nyasi pande tatu, mstari mwembamba wa maji unaokwenda ukakata kona, ukaenda tena. Mawe yote yale hayakulijaza handaki. Kijana mchunga mbuzi aliniambia hapo pana laana, ndiyo maana hapakauki. Nikamwambia hapana laana yoyote, hapa palikuwa na watu wawili wenye adabu. Akanitazama kama mwendawazimu.

Kwenye arobaini ya shangazi tulisoma hitima hapa nyumbani. Wanaume walikaa nje kwenye turubai, na kisomo kilipokwisha mjukuu wangu akaja kuniita, kwamba kuna mzee amevuka kutoka Pemba, anataka kumpa mkono mtu wa nyumba. Nilitoka. Alikuwa amekonda, ana fimbo na kofia ya viua iliyotariziwa, ananyanyuka kwa tabu. Nilimjua kabla hajainua uso, kwa sababu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikamwamkia. Akaanza kuuliza hali za watu, mmoja mmoja, nami safari hii nilimwacha aulize mpaka mwisho, sikuwa na haraka.

"Habari n'mezipata kwa wafanyabiashara wa Wete," alisema. "N'kasema nije nimpe mkono Mzee Hamisi, kama yu hai, na watoto. Naona sijamwona."

"Mzee Hamisi alifariki zamani sana, baba. Watoto gani?"

"Wao na marehemu. Hawakujaaliwa?"

Nilikaa. Kulikuwa na ubao wa kukunia nazi pale, nikakaa juu yake. "Hakuolewa na Mzee Hamisi," nilimwambia. "Alimkataa. Hakuolewa na mtu yeyote."

Watu walikuwa wanapitisha sinia za pilau, mmoja akatukaribisha, na sote wawili tukaitikia starehe bila kugeuka. Nikamuuliza lile nililolibeba tangu ujana wangu, na nililiuliza moja kwa moja, kama ninavyouliza mambo yote. Kichwa kile, alijua?

"N'lijua," alisema. "Nani asiyejua? N'likuwa nikisema bismillahi n'kakosa sauti. Na n'lijua yuko dirishani, pazia lilicheza. Mzee akatokea. N'kasema moyoni, Athumani, leo unatazamwa. Usimtie aibu mwanamke wa watu, aone anaolewa na mtu aliyelelewa. N'kampa mzee kile kichwa kwa mikono miwili, n'kacheka, ili aone. N'lidhani atafurahi." Alifuta uso kwa kiganja. "Halafu ukaja mchele. N'kajua kaamuliwa, kapewa Mzee Hamisi. Mke wa mtu huyo sasa. Sikumuuliza mtu habari zake tena. Utaulizaje habari za mke wa mtu? Hata kwenye dua, mwanangu. Kila n'kisali hunijia, na mie nikamtoa, n'kaogopa kumtaja mke wa mwenzangu mbele ya Mungu."

Mimi Bi Mdomo nilikuwa nalia, na hasira zangu zote za miaka hazikuwa na wa kumwangukia. Yeye aliiweka fimbo chini. Akakunjua mikono yake, akaiinua kumwombea dua, akafunga macho, akafungua kinywa. Kisha akafumbua macho, akanigeukia, ameona haya.

"Rehema binti nani?" aliniuliza. "Mie n'kimjua kwa mumewe tu."

"Binti Juma," nilimwambia. "Rehema binti Juma."

Akalirudia, polepole, mara mbili, asikosee.